Kinachookoa farasi Uingereza ni daftari

Nikiweka picha ya farasi kwenye simu, jamaa zangu wa Lamu huuliza swali moja tu: wanakulipa kiasi gani? Nikijibu kwamba najitolea, wengi hunyamaza kwa adabu. Mama hanyamazi. "Mwanangu, umevuka bahari yote hiyo ukazoe mavi ya farasi wa watu, tena bure?"

Swali lake ni la haki. Siku za wiki nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Norfolk, mashariki mwa Uingereza. Jumamosi asubuhi navaa gambuti, nachukua wilibaro, naingia kwenye matope ya shirika dogo la hisani linalookoa farasi waliotelekezwa, kuwauguza na kuwatafutia makao mapya. Tuko wengi tunaojitolea: walimu wastaafu, wanafunzi, dereva wa lori, na mimi mtoto wa mwenye punda kutoka Langoni.

Nyumbani watu wakisikia habari hizi hugawanyika. Wapo wanaosema Wazungu Mungu amewajaalia huruma kutushinda. Wapo wanaosema ni wazimu, farasi analazwa kwenye banda lenye majani makavu huku binadamu analala chini ya daraja. Mimi sikubaliani na hao wala hao. Nimewaona farasi wanaoletwa pale, na naweza kuwaambia kwamba Mwingereza akiamua kumtupa mnyama, anamtupa hasa. Wanachotuzidi ni kitu kisicho na mvuto wowote: wanaandika, wanarudi kukagua, na wana sheria inayompa mtu nguvu ya kumchukua mnyama kabla hajafa.

Kwanza niseme wanavyofika. Mara nyingi ni farasi wafupi wanene wa mabakabaka, wenye manyoya marefu miguuni, walioachwa kwenye kiwanja cha mtu usiku na mwenyewe akatoweka. Wakati wa baridi ukimtazama kwa macho utasema ameshiba, kwa sababu manyoya humfunika kama zulia. Ndiyo maana jambo la kwanza tulilofundishwa ni kutotumia macho. Unavua glavu, unapitisha kiganja ubavuni, kisha mgongoni, kisha nyongani. Ukihesabu mbavu kwa vidole bila kubonyeza, kuna shida. Kuna kipimo cha sifuri hadi 5: sifuri ni mifupa, 5 ni mnene kupita kiasi, na anayetakiwa yuko katikati, karibu na 3. Alama inaandikwa siku hiyo hiyo, pamoja na tarehe na picha, na wiki zinazofuata mtu anapima tena na kuandika tena.

Jingine ambalo sikulitarajia ni kwamba farasi aliyedhoofika kwa njaa hapewi chakula kingi. Ukimwonea huruma ukamwekea ndoo ya nafaka, damu yake huvurugika chumvi na madini, na moyo unaweza kusimama. Anapewa majani makavu kidogo kidogo, mchana na usiku, kwa siku nyingi. Anatengwa na wenzake hadi ihakikishwe hana ugonjwa wa kuambukiza, anachunguzwa minyoo, na fundi wa kwato anaanza kazi. Kwato za farasi asiyeshughulikiwa hurefuka na kujikunja juu kama viatu vya sultani wa hadithini, na hazinyooshwi kwa siku moja, maana mishipa na viungo vimeshazoea huo upogo.

Na katika malisho ya pili wapo walioletwa kwa sababu ya kushiba. Wallahi. Nyasi za Uingereza zina sukari nyingi wakati wa masika yao, na farasi asiye na kazi akiachwa humo hupata ugonjwa wa kwato, tabaka la ndani ya ukwato linavimba na kuachana na mfupa. Anasimama amejirudisha nyuma, miguu ya mbele ameinyoosha, hataki kuweka uzito. Jaribu kumweleza mchukuzi wa Lamu kwamba mnyama ameokolewa kutoka kwa mtu aliyemlisha sana.

Hapa ndipo ulipo mzizi. Farasi wa Uingereza amekosa kazi. Trekta lilimnyang'anya jembe, lori likamnyang'anya mzigo, akabaki wa kupandwa na watoto na wa mashindano. Mtoto akifika miaka kumi na sita anapata mpenzi au anaenda chuo kikuu, farasi anabaki, naye anaweza kuishi zaidi ya miaka 25. Kodi ya malisho ipo, fundi wa kwato anakuja kila wiki sita hadi nane, daktari naye ana bei yake. Uchumi ulipoanguka mwaka 2008 watu waliendelea kuzalisha farasi wasio na mnunuzi, bei ikashuka hadi pauni chache mnadani, na miaka michache baadaye mashirika yakatoa tahadhari kwamba farasi wapatao 7,000 wako hatarini. Mwanzoni mwa 2008 hiyo hiyo, katika shamba moja karibu na Amersham, wakaguzi walikuta zaidi ya farasi na punda 100 walio hai katika hali mbaya, na mizoga zaidi ya 30 katikati yao. Hapo ni mwendo mfupi tu kutoka London, si porini.

Kwa hiyo mtu asiniambie habari ya damu na tabia ya taifa. Sheria ya kwanza ya Bunge lao dhidi ya ukatili kwa mifugo ilipita mwaka 1822, na ilitungwa kwa sababu watu walikuwa wakiwapiga farasi na punda hadharani. Mwaka 1911 mwanamke wa Norfolk hii hii, Ada Cole, aliona bandarini Antwerp farasi wazee waliofanya kazi Uingereza maisha yao yote wakishushwa melini kupelekwa kuchinjwa. Alipigana miaka mingi, hadi 1927 akaanzisha jumuiya ambayo leo inaitwa World Horse Welfare. Na mwaka 1930 Mwingereza mwingine, Dorothy Brooke, alipofika Cairo aliwakuta farasi wa jeshi la Uingereza, waliouzwa baada ya Vita Vikuu vya kwanza, wakivuta mikokoteni wakiwa vipofu na vilema. Serikali yao ndiyo iliyowauza. Akachangisha pesa akawanunua kwa maelfu, wengi ili wafe kwa staha, akafungua hospitali mwaka 1934. Shirika lililotokana na kazi yake linafanya kazi Kenya mpaka leo, kwa punda.

Sasa turudi kwetu. Lamu punda ndiye gari. Mawe ya matumbawe, mchanga, saruji, matenki ya maji, magodoro ya bibi harusi, vyote hupita vichochoroni mgongoni mwake. Hata siku hizi za bodaboda, bado zipo njia ambazo bila punda hujengi nyumba. Msemo wetu wa "afe punda, mzigo wa bwana ufike" haukutoka hewani. Nimekulia nyumba yenye punda, najua kidonda cha mgongoni kinavyoanza. Shogi likipasuka, kamba inagusa ngozi, mwenye punda anaona lakini boti ya mchanga imefika na wateja wanasubiri, anatia kipande cha gunia katikati, kesho gunia limeganda na damu. Ukimwuliza atakuambia Ijumaa atampumzisha. Jioni punda anafunguliwa ajitafutie, anakula maganda na makaratasi jaani. Kabla serikali haijapiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, punda wengi walikuwa wakiugua tumbo kwa kula hiyo mifuko, na bado takataka nyingine zipo.

Tangu 1987 pale Lamu kuna zahanati ya punda iliyofunguliwa na The Donkey Sanctuary, shirika la Sidmouth, kule Devon. Wanatibu bure, wanatoa dawa ya minyoo. Wazee wetu waliwacheka mwanzoni, kisha wakaanza kupeleka punda wao wenyewe. Kwa hiyo hata hii habari ya Mwingereza na punda kwetu si ngeni.

Huruma tunayo. Hakuna mtoto aliyesoma chuo cha Kurani asiyejua habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa kumfungia paka bila chakula, na ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Tena kwetu punda mwenye kidonda hupita mbele ya msikiti, mbele ya maduka, mbele ya vibaraza vilivyojaa watu, na lazima atokee mzee wa kumkaripia mwenyewe. Huku farasi anaweza kufa nyuma ya uzio, na jirani asijue mpaka harufu itoke. Kwa hilo sitaki tubadilishane nao.

Lakini mzee akishakaripia, nini hufuata? Hakuna. Kesho punda anapita barabara nyingine.

Niliwahi kufuatana na mkaguzi wetu kwenda kuangalia nyumba ya familia iliyoomba kuchukua farasi. Mali wanayo: nyumba ya matofali mekundu, malisho mapana, banda jipya linalonukia mbao. Mkaguzi alizunguka uzio wote akiutikisa, akatazama maji, akang'oa mmea wa maua ya njano unaoharibu ini la farasi akawaonyesha. Kisha akauliza farasi huyo ataishi na nani. Wakasema peke yake, ila watoto watakuwa wanamtembelea. Wakanyimwa. Farasi ni mnyama wa kundi, akiwa pweke huingia wasiwasi, na watoto hawahesabiki. Mama wa nyumba alikasirika, nami nikimtazama nikawaza kwamba kwetu mtu mwenye banda kama lile angeletewa farasi watatu pamoja na asante.

Na waliokubaliwa hawapewi farasi awe wao. Wanaazimwa. Mwenye mali anabaki shirika. Haruhusiwi kuuzwa wala kuzalishwa, mkaguzi anaweza kufika kumpima ile alama ya sifuri hadi 5, na hali ikiwaharibikia, mtu akiachishwa kazi au akiugua, farasi anarudishwa bila lawama. Hicho kipengele cha mwisho ndicho bora kuliko vyote. Mtu asiyeona haya kurudisha hatamtupa mnyama barabarani usiku.

Nyuma ya hayo kuna sheria ya 2006 inayomlazimu mwenye mnyama kumtimizia mahitaji, hivyo mkaguzi hasubiri mzoga, na ile ya 2015 inayowaruhusu wenye ardhi kuwachukua farasi waliotelekezwa kwao na, zikipita siku nne bila mwenyewe kujitokeza, kuamua hatima yao. Kila farasi anatakiwa awe na pasipoti, na tangu Oktoba 2020 kila mmoja England anatakiwa awe na chipu shingoni, kidude kidogo chenye namba ya kumtambulisha. Haifanyi kazi kila mara, maana anayekusudia kumtupa farasi hamwekei chipu. Hata hivyo ipo, na siku farasi akiibiwa, mwenyewe ana cha kuonyesha.

Sisi tulikuwa na cha kuonyesha nini, machinjio ya punda yalipofunguliwa Kenya kuanzia 2016? Ngozi zilikuwa zikipelekwa China kuchemshwa dawa iitwayo ejiao. Watu waliamka wakakuta punda wao amechunwa porini, nyama imeachwa. Sensa ya 2009 ilihesabu punda karibu milioni 1.8, ya 2019 ikahesabu kama milioni 1.2. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo Februari 2020, mahakama ikaitengua marufuku hiyo mwaka uliofuata, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuzuia biashara ya ngozi za punda bara zima. Ni jambo jema, lakini mchuuzi akikamatwa leo na punda ishirini kwenye lori, nani atathibitisha wa nani ni yupi? Mjane aliyekuwa akiuza maji atasema "namjua kwa uso", na kweli anamjua, ila hakimu hataandika uso.

Ndiyo maana kila nikizungumza na mdogo wangu, ambaye ndiye mwenye punda wa nyumbani sasa, namsumbua na jambo moja. Punda wanapopelekwa kupewa dawa ya minyoo, waandikwe: jina la mwenyewe, mtaa, rangi, alama za mwilini, na chipu pesa ikipatikana. Mwenye kidonda aandikiwe siku ya kurudi, na asiporudi afuatwe kwake. Mashirika ya huku hujengwa sana kwa pesa ambazo watu huziacha kwenye wosia, na sisi tuna wakfu wa misikiti na visima tangu enzi za mababu. Sioni kinachozuia wakfu wa punda.

Mdogo wangu si mtu wa kukubali upesi. "Sawa kaka, umemfuata, umemkuta punda ana kidonda. Umzuie asifanye kazi? Watoto wa yule bwana watakula chipu?" Nikamwambia hata huku kesi nyingi hazifiki mahakamani, mkaguzi huanza kwa ushauri na siku ya kurudi. Na kwetu kuazima kungeweza kugeuzwa: kundi la punda wazima wa wakfu, mtu anaacha mgonjwa wake zahanatini anachukua mzima, kidonda kikipona anabadilisha. Akacheka sana. Anasema hakuna mtu wa Lamu atakayerudisha punda mwenye nguvu apokee wa kwake mwenye kovu. Nikamjibu hapo ndipo karatasi na shahidi wawili wanapoingia, na kama hataki karatasi, basi aanze yeye kwa kuniambia punda mzima siku hizi anauzwa shilingi ngapi, tujue wakfu huo unaanzia wapi. Bei hajanitumia mpaka leo.