Filamu haikuibeba tamthilia yote
Mwandishi mmoja anadai kwamba filamu ya Oh! What a Lovely War ya mwaka 1969, iliyoongozwa na Richard Attenborough, iliifuata tamthilia ya jina hilo ya mwongozaji Joan Littlewood, inayoikejeli Vita Kuu ya Kwanza, bila kuipunguzia makali; kwa heshima zote, sikubaliani naye. Mwaka 1963, katika ukumbi wa Theatre Royal, Stratford East, London, waigizaji walivaa mavazi meupe ya wachekeshaji, wakaimba nyimbo za askari wa Vita Kuu ya Kwanza, huku ubao wa taa juu ya vichwa vyao ukipitisha idadi ya waliokufa na eneo lililotekwa, ambalo wakati mwingine lilikuwa sifuri, hata mtazamaji akajikuta anacheka na kusoma hesabu ya maiti kwa wakati mmoja. Attenborough aliwavika askari sare kamili, akahamishia mambo kwenye gati la burudani la Brighton, mji wa pwani wa Uingereza, na kulijaza waigizaji nyota (mmoja wao, Laurence Olivier, anapendeza mno kuwa jenerali wa kulaumiwa). Katika filamu, ubao wa matokeo ya kriketi unaohesabu wafu ndio unaokaribia ukali wa jukwaani. Misalaba isiyohesabika ya makaburi mwishoni mwa filamu inahuzunisha, ilhali tamthilia, kwa maoni yangu, ilikusudia kukasirisha.