Maziwa ya njiti: mililita 18 au 30?

Njiti wa gramu 1,200 aliyefikishwa Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Tanga, kutoka Pangani au Muheza hulishwa kwa mrija, kwani kabla ya wiki ya 34 hivi ya ujauzito mtoto hajaweza kupanga kunyonya, kumeza na kupumua. Maziwa mama amekamua. Kinachobishaniwa ni kasi: kila siku aongezewe mililita 18 kwa kilo, au 30?

Tupige hesabu. Akianza na 60 kwa kilo, ni mililita 72 kwa siku, yaani 6 kila baada ya saa 2. Kwa kasi ya 30, kesho atapata 9 kwa mlo, keshokutwa 12, siku ya nne 15. Hapo amefika 150 kwa kilo na dripu inatolewa. Kwa kasi ya 18 atafika siku ya sita. Siku 2 tu, utasema. Lakini dripu ya glukosi haina protini wala mafuta, na kila sindano inayokaa mshipani ni mlango wa vijidudu.

Wanaotaka polepole hawakosei kuogopa. Utumbo wa njiti unaweza kuvimba na kuoza, ugonjwa uitwao NEC: tumbo linajaa na kung'aa, anatapika kijani, choo kinatoka na damu. Utafiti wa Uingereza na Ayalandi uliochapishwa mwaka 2019, wenye watoto 2,804, ulilinganisha kasi hizi hizi. NEC iliwapata 5.0% ya wale wa 30 na 5.6% ya wale wa 18, kwa hiyo hofu hiyo haikuthibitika. Hata hivyo, walipofika miezi 24, matatizo ya wastani au makali ya kuendesha viungo vya mwili yalikuwa 7.5% kwa waliopandishwa haraka na 5.0% kwa wenzao. Takwimu hiyo si ya kufukiwa.

Ila watoto wale, wakisubiri maziwa yapande, wengi walilishwa protini na mafuta kupitia mshipa. Pasipo na huduma hiyo, polepole maana yake ni njaa. Mwongozo wa WHO wa 2022 unaruhusu hadi 30, na kwa njiti aliyetulia, anayepata maziwa ya mama yake, hiyo ndiyo kasi ya kuchagua. Aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa asikimbizwe.

Kasi yoyote ile huharibiwa na mkono. Mrija hupimwa kutoka puani hadi ndewe ya sikio, kisha hadi katikati ya ncha ya kidari na kitovu, ukatiwa alama kwa plasta. Bomba la sindano litolewe kisukumio, maziwa yashuke yenyewe. Ukisukuma, tumbo linajaa ghafla, anacheua, pengine pumzi inakatika.

Atapungua uzito siku za mwanzo. Hadi aurudie ule wa kuzaliwa, hesabu ya maziwa hufanywa kwa huo. Baadaye anatakiwa kuongeza walau gramu 15 kwa kilo kwa siku, yaani 18 kwa huyu wetu. Mizani iwe ile ile, apimwe uchi, kabla ya mlo. Uzito ukigoma kupanda siku 3, maziwa yapandishwe hadi mililita 180 kwa kilo, na mama akamue maziwa ya mwanzo kwenye kikombe cha pembeni, yale mazito ya mwisho yatangulie kwenye mrija. Tena angalieni feni: joto la Tanga linadanganya, mtoto mwenye nepi mbichi hupoa, na maziwa yote huishia kumpasha moto badala ya kumkuza. Kifuani kwa mama, chini ya kanga, hana gharama hiyo.