Kuzibua Gata Kumeniziba Mimi

Sisi wanaume wenye nyumba tuna neno moja la kumaliza mjadala, neno lenyewe ni "nitapanda". Mama watoto akisema gata (ule mfereji wa kukinga maji ya mvua kwenye ncha ya paa) limeziba, nitapanda. Akisema maji yanamwagika mlangoni kama pazia, nitapanda. Nimesema nitapanda miezi mitano mfululizo na ningeendelea nayo hadi uzeeni, kama siyo ile siku mgeni wake kaja, kavaa kapendeza, mvua inanyesha, njia nzima hajaloa maana ana mwamvuli, kafika mlangoni kwangu akaufunga kwa adabu zote za mgeni, gata likammwagia kama ndoo nzima ya maji ya kahawia na majani mawili juu ya nywele. Mama watoto hakusema kitu. Alinitazama tu. Kesho yake asubuhi nikapanda.

Sasa nipande na nini, ngazi yenyewe sina. Nikaazima kwa jirani, na huyu jirani mumweke akilini maana ndo mwenye mti unaomwaga majani kwenye gata langu. Nikaisimamisha ukutani imenyooka kama askari wa gwaride, miguu nimeichomeka kwenye udongo wa maua, nikapanda. Kipago cha kwanza, sawa. Cha tatu, sawa. Cha tano mguu mmoja wa ngazi ukazama kwenye udongo, siyo sana, kama vidole viwili hivi, ila huko juu vidole viwili ni safari ya kwenda kaburini. Nikaganda. Mkono mmoja umeshika ngazi, mwingine nimeutumbukiza ndani ya gata bila kuona, umeshika kitu laini chenye ubaridi ambacho mpaka leo sijui kilikuwa nini na sitaki kujua. Chini watoto wanarekodi na simu. Mama watoto akaniuliza kwa upole kabisa, "Baba, unapanda au unashuka?" Swali zuri sana, maana hata mimi nilikuwa najiuliza hilohilo kwa dakika kumi.

Basi nikasema tutafute fundi, kwani kuzibua gata bei gani bwana, si majani tu.

Si majani tu! Hiyo kauli naijutia mpaka sasa.

Fundi wa kwanza nampigia simu, salamu tu bado hatujamaliza, ananiuliza, "Bosi, gata lako mita ngapi?" Mita ngapi! Mimi umri wa watoto wangu nahesabu kwa vidole, huyu ananiuliza mita za gata. Kumbe ndo kazi hii inavyohesabiwa, kwa mita ya gata, siyo kwa vyumba, siyo kwa mlango. Nikachukua tepu nikapima ukuta, nyumba ni mita 10 kwa 12, paa linashuka pande zote nne, kwa hiyo 10 na 12 na 10 na 12, jumla 44. Nikamtumia meseji kwa kiburi: 44. Kaja, kapima, anasema 49.

Nikawaka. Nikamwambia kaka, mita tano umezitoa wapi, nyumba imenenepa usiku? Hakujibu, alinivuta mkono tu mpaka kona ya nyumba, akaninyooshea kidole juu. Gata halijashikana na ukuta, liko kwenye ncha ya paa, na paa limetoka nje ya ukuta sentimita 60 kila upande. Kwa hiyo siyo 10 kwa 12 tena, ni 11.2 kwa 13.2, zungusha uone. Nimezungusha mara tatu na kikokotoo cha simu. Kila mara inakuja arobaini na nane nukta nane. Yaani kile kivuli nilichokipenda wakati wa kujenga, nikasema toeni bati nje kidogo nyumba ipate sura, ndo nakilipia mpaka leo.

Halafu bei ya mita siyo moja! Nyumba yangu ni ya chini ila nyuma niliongeza ghorofa kidogo, chumba na kibaraza, mambo ya kutaka kuonekana. Anasema bosi, mita za chini bei yake hii, za ghorofani bei yake ile, na ile ni kama mara mbili ya hii. Nikauliza, majani ya ghorofani yana nini cha zaidi, yamesoma? Akacheka. Anasema ya juu inataka ngazi ndefu na mtu wa kuishika, na ngazi ikipanda mita 4 mguu wake unatakiwa ukae mita 1 nje ya ukuta, na mtu akitaka kukanyaga paa ngazi izidi ncha ya paa kama mita moja hivi ili awe na pa kushika. Aliposema hayo akageuka kuangalia yale mashimo mawili kwenye udongo wa maua, yapo sentimita chache tu kutoka ukutani. Akaniangalia mimi. Nikajifanya napokea simu.

Nikasema nitafikiria. Na hapa lazima mniruhusu niseme kitu kuhusu neno "bosi". Mimi kazini hakuna aliyewahi kuniita bosi, hata kwa kukosea. Nimeitwa bosi na mafundi tu, na kila mara nikiitwa kuna kitu kinaongezeka bei. Likishatoka hilo neno, shika mfuko.

Fundi wa pili huyo hakupima chochote. Alifika, akaangalia geti, akachungulia dirishani akaona mapazia mapya ya mama watoto, akataja bei. Mara tatu ya yule wa kwanza. Nikamuuliza imehesabiwaje, anasema "ni uzoefu". Uzoefu wa mapazia. Nikamsindikiza.

Wa tatu ndo malaika niliyekuwa namsubiri. Nusu ya bei ya wa kwanza, nyumba nzima, juu na chini, bila kupima, bila maswali. Nikamwita fasta kabla hajabadili mawazo. Kafika mikono mitupu. "Bosi, ngazi ipo?" Nikaenda kuazima tena kwa jirani. "Bosi, ndoo ipo?" Ipo. "Ufagio? Glavu? Kamba? Mpira wa maji?" Yaani ameniletea mikono na jina la Bwana tu, vifaa vyote vyangu, kasoro ngazi ambayo ni ya jirani. Nikajiuliza hivi nikiwa na vifaa vyote hivi mimi namlipa kwa nini, nikakumbuka kipago cha tano, nikanyamaza. Namlipia magoti yake maana yangu yamekataa.

Na kazi kapiga haraka, saa moja hivi ameshuka, juu kunang'aa. Nikampa hela yake na nyongeza nikampa, nikamwambia mama watoto ona, tungeibiwa.

Mvua ikaja baada ya siku mbili. Gata likafurika vilevile, tena kuliko mwanzo.

Ikabidi nimrudie yule wa kwanza na mkia katikati ya miguu. Kaja, kagonga bomba la kushushia maji kwa ngumi, chini likalia wazi, kati likalia wazi, kwenye ile elbo ya juu, pale bomba linapokunja kona, likalia kama kagonga gunia. "Bosi, huyu majani hakuyatoa. Ameyafagilia kwenye bomba." Mnaelewa? Malaika wangu alichukua mfagio wangu mwenyewe akayasukuma majani yote kwenye bomba, shimo lipo, linaonekana, kwa nini ajisumbue na ndoo! Na kuzibua bomba, sikia sasa, bei yake haimo kwenye mita. Bomba linahesabiwa lenyewe, kila bomba na bei yake, na mimi ninayo manne. Kuna la nyuma ilibidi alifungue kabisa, akalitikisa, ikatoka kitu kama soseji ya tope ndefu kuliko mtoto wangu wa mwisho, na ndani yake mpira wa tenisi, na ndala moja ya kushoto ambayo niliwahi kumgombeza mtoto wa watu kwamba kaipoteza kizembe.

Wakati anafanya kazi mimi nimesimama chini nashika ngazi (hapo nilikuwa fundi msaidizi, bila malipo) na yeye anahutubia. Anasema bosi, gata hili upana sentimita 10, kina 10, likijaa maji mita moja inabeba lita 10, ni kilo 10 hizo, na mita zako 49 ni karibu kilo 490. Nusu tani inaning'inia kwenye fisha bodi, ule ubao wa ncha ya paa, na misumari. Anasema paa lako likipigwa mvua ya milimita 20 tu linateremsha lita karibu elfu tatu, na zikikosa pa kupita zitaingia kwenye mbao zioze, au zitamwagikia msingi. Nikasema sawa, sawa, endelea kuzibua. Huwa sipendi mtu akianza kutaja msingi. Msingi ni neno kama bosi, likitajwa kuna mtu analipa.

Upande mmoja akaweka kidogo maji akatulia kuangalia. Maji nayo yametulia. Gata limelala, hata limeinamia upande usio na bomba. Anasema linatakiwa lishuke kama sentimita 1 kila mita 5 kuelekea kwenye bomba, hili lako likibaki hivi hata ukizibua kila wiki maji yatatuama, na mbu wakitaga hapo, wiki moja mbili wanaruka wazima. Kumbe wale mbu wanaotuimbia usiku nimewafuga mwenyewe juu ya dirisha langu, na dawa nanunua! Kurekebisha huo mwinamo? "Bosi, hiyo sasa siyo usafi, ni matengenezo." Bei yake. Silikoni kwenye maungio? Bei yake. Uchafu wenyewe kuubeba kwenda kuutupa? Nikasema acha, acha hapohapo, nitatupa mwenyewe, mkono wa kubeba gunia ninao. Magunia manne. Yametoka kwenye vile viupana vya sentimita 10, sijui yalikuwa yamekaaje.

Nikamuuliza, na nikiweka wavu juu, si nitakuwa nimemalizana na nyie? Anasema wavu unapunguza majani, ila vitu vidogo vidogo vinapita, vumbi linapita, mwisho wa siku lazima nije, na nikija natoa wavu kwanza nasafisha narudisha wavu, kwa hiyo bei inapanda. Yaani unanunua kitu ili usimwite fundi, halafu unamlipa fundi zaidi kwa sababu umekinunua. Kidogo nimpe mkono kwa heshima.

Kitu kimoja alichonikera nacho zaidi kwa sababu ni kweli: ungeniita wakati wa kiangazi, anasema, majani makavu, mepesi, sina kazi nyingi, tungeelewana. Nyie mnasubiri mvua ya kwanza imwagike mlangoni ndo mnapiga simu wote siku moja, majani yameshakuwa tope na humu kuna mche umeota mpaka na mizizi. Mara mbili kwa mwaka inatosha, na penye mti karibu zaidi ya hapo. Ule mche aliushusha akanipa. Una majani sita. Niliujua, nilikuwa nauona toka barabarani, nikajua ni pambo.

Na tulipofika kwenye mti karibu, hapo ndo nikaenda kwa jirani. Nimekwenda na ngazi yake begani, narudisha kwa heshima, nikamwambia jirani yangu mpendwa, mimi mti sina, haya majani magunia manne ni ya kwako, hebu tuchangie. Jirani akauangalia mti wake, akaniangalia, akasema, "Kwani kivuli chake mchana si kinakaa kwenu? Umewahi kunichangia maji ya kumwagilia?" Nikaacha ngazi nikaondoka. Huyu mtu anapika hoja usiku akijua nakuja.

Jumla kuu sitaisema, mama watoto anaweza kusoma hapa na namba niliyompa mimi ni nyingine. Niseme tu kwamba malaika wa nusu bei ukimjumlisha na wa kwanza, na mabomba manne, na mwinamo, na silikoni, ningeweza kumlipa yule wa mapazia na chenji ikabaki.

Mwisho fundi akamwaga maji na mpira upande wa juu tuone. Yakakimbia, yakaingia bombani yakilia krokrokro, yakatoka chini safi, watoto wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga, kidogo. Yeye bado yuko juu ya ngazi, anakusanya mpira, mara akaacha. Akawa anaangalia bati. Anaangalia kwa muda mrefu, ameinamisha shingo, akapiga kimluzi kile cha taratibu cha mafundi.

"Bosi..."

"Shuka."

"Hapana, bosi, kuna msumari huku..."

"Nimesema shuka, kaka. Kipago kimoja kimoja, na usiangalie kitu."