Tiketi rahisi ya treni Ulaya haikutengenezwa kwa ajili yetu

Kila mwaka ikikaribia Juni ndugu na marafiki wanaojiandaa kuja huku huniuliza swali lilelile: treni kutoka Frankfurt mpaka Paris ni shilingi ngapi? Ni swali la haki kabisa. Mtu wa Dar es Salaam anajua kwamba SGR ilipoanza safari za Dodoma mwaka 2024, LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu, ilitangaza nauli ya daraja la kawaida kuwa shilingi 31,000, basi. Ukikata leo au ukikata wiki ijayo, ukiwa tajiri au ukiwa mwanafunzi, nauli haibadiliki kwa sababu umechelewa kuamua. Kwa hiyo anadhani na huku kuna ubao mahali fulani umebandikwa bei. Hakuna. Treni za mwendo kasi za Ulaya, ICE ya Ujerumani, TGV ya Ufaransa, Frecciarossa ya Italia, Eurostar ya London, zinauza siti kama ndege: chache za kwanza kwa bei ya chini, hizo zikiisha bei inapanda ngazi, na anayefika stesheni siku ya safari ndiye anayelipia wote.

Jibu analopewa kila mtu ni "kata mapema". Hesabu yake siipingi. Ninachopinga ni kulitoa kama hekima, kana kwamba anayelipa ghali ni mzembe. Tiketi ya mapema inamfaa mtu ambaye likizo yake bosi alishaisaini tangu Januari, pasipoti yake haiombi viza popote, na ukoo wake hauna misiba ya ghafla. Wengi wetu hatuishi hivyo. Anayefanya zamu kwenye nyumba ya wazee au ghalani hujua ratiba yake wiki chache mbele tu, pengine chini ya hapo. Anayekuja kututembelea anasubiri ubalozi. Shirika la reli linampa punguzo mwenye uhakika wa maisha yake, na asiye nao ndiye anayelifidia. Hilo ndilo linalonikera, wala silioni likisemwa.

Chukua suala la viza ya Schengen, ile moja inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, na ada tangu Juni 2024 ni euro 90 ambazo hazirudi hata ukinyimwa. Sasa mtu anaambiwa aongeze juu yake tiketi za treni zisizorudishwa, eti asije akakosa bei nzuri. Mimi nawaambia wageni wangu wasikate tiketi yoyote isiyorudishwa kabla stika ya viza haijabandikwa kwenye pasipoti, hata kama bei itapanda mara mbili wakiwa wanasubiri. Nauli mara mbili unaweza kuichanga. Nauli iliyopotea pamoja na viza iliyokataliwa ni maumivu mawili kwa siku moja.

Kwa Ujerumani, ambako nakaa, kuna majina matatu ya tiketi ya kuyajua. La kwanza ni Super Sparpreis: ndiyo ya chini kabisa, imefungwa kwenye treni ile uliyoichagua, na ukishalipa umelipa, hairudishwi. Ya pili ni Sparpreis, nayo imefungwa kwenye treni yake, ila unaweza kuirudisha kabla ya siku ya safari. Unakatwa kidogo na unapewa vocha badala ya pesa. Ya tatu ni Flexpreis, ambayo siku hiyo inakuruhusu kupanda treni yoyote ya njia hiyo. Fungua programu ya simu ya Deutsche Bahn, shirika la reli la Ujerumani, jioni moja utafute Berlin hadi München. Treni ya saa kumi na moja alfajiri Jumanne ya mwezi ujao inaweza kuwa chini ya euro 40. Ya Ijumaa hii jioni, kwa Flexpreis, inaweza kupita 150. Reli moja, mabehewa yaleyale, na kahawa ni mbovu ileile. Programu ina kitufe cha kupanga siku nzima kwa bei ya chini. Kibonyeze hicho kabla hujachagua saa, kwa sababu mara nyingi tofauti kubwa inaletwa na saa ya kuondoka.

Kwa mgeni mimi huchagua Sparpreis ya kawaida, ile ya katikati. Tofauti yake na ya chini kabisa mara nyingi ni euro chache, nazo zinanunua usingizi. Lakini kuna kanuni moja ambayo Wajerumani wenyewe wanaipenda sana: ikionekana kwamba utafika mwisho wa safari ukiwa umechelewa dakika 20 au zaidi, kifungo cha treni moja kinaondoka na unaruhusiwa kupanda nyingine, hata kwa tiketi ya bei ya chini kabisa. Na kwa kuwa mwaka 2024 ni asilimia 62.5 tu ya treni za masafa marefu za Deutsche Bahn zilizohesabiwa kuwa zimefika kwa wakati, tena kwa hesabu inayosamehe dakika karibu 6, kanuni hiyo inatumika kuliko unavyofikiri. Piga picha ya skrini inayoonyesha ucheleweshaji kabla hujapanda treni nyingine. Mkaguzi mwenye haraka hatabishana na picha.

Watoto msiwakatie nauli nzima kwa woga. Ujerumani mwenye umri wa chini ya miaka 6 hahitaji tiketi, na wa miaka 6 mpaka 14 husafiri bure akiandamana na mtu mzima, mradi umemwongeza kwenye tiketi wakati wa kununua. Familia yenye watoto watatu ikijua hilo, treni inaanza kushindana na gari la kukodi.

Lakini kama ningeulizwa ni tiketi ipi inamfaa mtu wa maisha ya zamu, ningejibu ile isiyojali umeinunua lini. Deutschlandticket ilianza Mei 2023 kwa euro 49 kwa mwezi, ikapanda hadi 58 Januari 2025, na Januari 2026 ikafika 63. Watu wanalalamika imepanda, na wana haki. Hata hivyo bado naitetea kuliko punguzo lolote la mapema, kwa sababu unapanda treni yoyote ya mikoani, tramu, basi la mjini na metro nchi nzima, bila kumuuliza mtu na bila kukisia. Haikupandishi ICE. Hamburg hadi München kwa treni za mikoani ni safari ya kutwa nzima yenye kuunganisha hapa na pale, na anayeianza bila chakula atajuta. Kwa safari ya saa mbili tatu, sioni cha kushindana nayo. Ni ya kulipia kila mwezi mpaka uisitishe, kwa hiyo mgeni wa wiki mbili asitishe mapema, mwezi ukishaanza kwisha hawatamkumbusha.

Tena inavuka mipaka kidogo. Inakufikisha Salzburg, Austria. Inakufikisha stesheni ya Wajerumani iliyoko Basel, Uswisi. Na ukitokea Trier inakufikisha mpakani mwa Luxembourg, nchi ambayo tangu tarehe 1 Machi 2020 usafiri wote wa umma daraja la pili ni bure, kwa mwananchi na kwa mgeni. Maana yake unaweza kwenda kushinda Luxembourg na kurudi bila kuongeza hata senti. Kwa Paris, unaweza kwenda nayo mpaka Kehl, ukakata tiketi ya tramu ya mjini, ukavuka Mto Rhine hadi Strasbourg, kisha ukapanda treni ya Kifaransa kutokea hapo. Ni mzunguko, ndiyo. Unafaa pale tu bei ya moja kwa moja imeshatoka kwenye akili.

Italia nayo ina mlango kama huo. Treni zinazoandikwa Regionale nauli yake hupangwa kwa umbali. Ukikata dakika tano kabla ni sawa na kukata mwezi uliopita. Firenze hadi Pisa, Napoli hadi Caserta, hakuna haja ya kuumiza kichwa. Ila tiketi ya karatasi ni lazima uipige muhuri kwenye kile kimashine kidogo kilichowekwa ukutani au kwenye nguzo karibu na jukwaa, kabla ya kupanda. Ingiza, subiri mlio, soma kama tarehe na saa vimeandikwa pembeni. Tiketi isiyo na muhuri mkaguzi anaihesabu kama hujakata, na wazungu kwa watu weusi wanatozwa faini palepale, ingawa kila mtu ana maoni yake kuhusu nani huulizwa kwanza.

Kwenye treni za mwendo kasi, kilichoshusha bei kwa kweli ni ushindani. Italo, kampuni binafsi, ilipoingia Italia mwaka 2012 kushindana na Trenitalia ya serikali, Milano na Roma zikawa na mabwana wawili wanaogombea abiria mmoja. Hispania ikafuata: Madrid hadi Barcelona, kilomita zaidi ya 600 kwa saa mbili na nusu hivi, kulikuwa na shirika la serikali, Renfe, peke yake mpaka Mei 2021 Ouigo ya Wafaransa ilipoingia. Mwezi uliofuata Renfe ikajibu kwa treni zake za bei ya chini ziitwazo Avlo, na Novemba 2022 ikaja kampuni nyingine, Iryo. Huko hata aliyechelewa kukata huweza kupata bei ya ubinadamu. Linganisha na London hadi Paris chini ya bahari, ambako tangu 1994 abiria amekuwa akimkuta Eurostar peke yake. Nenda ukaangalie bei za wikendi, kisha uniambie kama reli inapungukiwa na wateja au na wapinzani.

Tahadhari moja kuhusu hizi za bei ya chini: mizigo. Ouigo na Avlo zinakuruhusu begi dogo na sanduku la ukubwa wa kuingia ndani ya ndege. Zaidi ya hapo unalipia. Sisi hatusafiri hivyo. Shangazi anakuja na sanduku la kilo 23 lenye dagaa, unga wa muhogo na vitenge alivyopewa na watu apeleke. Kabla hujashangilia tiketi ya euro 19, jumlisha sanduku. ICE haikupimii uzito. Mradi unaweza kulipandisha mwenyewe, twende.

Kadi za kuzunguka Ulaya nzima siku hizi zinasifiwa mno. Interrail, iliyoanza 1972, ni ya wakazi wa Ulaya, na kinachotazamwa ni ukaazi, hivyo Mkenya mwenye kibali cha kuishi Ubelgiji anainunua bila shida. Mgeni kutoka nyumbani ananunua Eurail. Kwa kijana anayetaka kuona nchi sita kwa mwezi, sawa. Kwa mama anayetoka Düsseldorf kwenda kumwona mjukuu Lyon na kurudi, ni hasara, kwa sababu TGV na Eurostar zinadai ulipie siti juu ya kadi, na siti za wenye kadi huwa na ukomo.

Uingereza wana mchezo wao: unakata safari moja vipande viwili. London hadi Bristol, kipande cha kwanza mpaka Didcot Parkway, cha pili kutoka hapo, na hubanduki kwenye siti. Mara nyingine jumla inakuwa chini kuliko tiketi moja. Ni halali mradi treni yenyewe inasimama kwenye stesheni ya kugawia. Kwamba hesabu ya namna hiyo inawezekana inatosha kukueleza jinsi bei zao zilivyopangwa.

Nunua kwa shirika lenyewe la reli kila inapowezekana. Mawakala wa mtandaoni wana kurasa nzuri na wengi huongeza ada, lakini siku treni inapofutwa ndipo unapogundua kwamba stesheni inakurudisha kwa wakala na wakala anakurudisha stesheni. Safari yenye kuunganisha treni iwe kwenye tiketi moja, ili ya kwanza ikichelewa, ya pili iwe shida yao. Na mgeni mtumie saa kwa maneno: 13:05 ni saa saba na dakika tano mchana. Mwambie pia kwamba stesheni iitwayo Gare de Lyon iko Paris, si mji wa Lyon.

Ukichelewa, dai. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinakupa robo ya nauli ukifika umechelewa kati ya dakika 60 na 119, na nusu kuanzia dakika 120, hata kwa tiketi ya bei ya chini, isipokuwa kwa sababu za nje kabisa ya uwezo wa reli. Ujerumani fomu iko ndani ya programu ileile uliyokatia tiketi. Watu wetu wengi hawaijazi kwa sababu wanaona euro tisa si pesa ya kuhangaikia, na mimi najaza hata ikiwa ni tano.