Eti Spelunky linaonea

Kuna maneno yananichosha kila linapotajwa Spelunky, gemu la video la kushuka mapangoni: "Hilo ni bahati nasibu, linaonea watu." Jamani, acheni! Mtengenezaji wake, Derek Yu, alilitoa bure mwaka 2008, na toleo la 2012 linakuanzishia mioyo minne (ndiyo uhai wako), mabomu manne na kamba nne. Ukifa, unarudi mwanzo kabisa na mapango yanapangwa upya. Hapo ndipo watu wanapopandwa na hasira.

Lakini tazama ule mtego wa mshale. Umekaa ukutani, unaonekana wazi. Chochote kikikatiza mbele yake unafyatuka, na ukiwa ni wewe, mioyo miwili imekwenda. Sasa okota jiwe, lirushe mbele yake, mshale utoke bure, kisha pita zako. Sekunde mbili tu! Juzi binamu yangu kaurukia mara tatu mfululizo, akabwaga padi kwenye kochi akisema kaonewa. Kaonewa na nani, na mtego anauona?

Hata mzimu unaokufukuza na kukuua ukikugusa wanaulalamikia, wakati hauji mpaka ukawie dakika mbili na nusu kwenye hatua moja.

Bahati ipo, sikatai. Kuna siku unakutana na duka lenye kila kitu, kuna siku hola. Ila mtu aliyecheza jioni moja, akafa mara kumi bila kuangalia kilichomuua, asinihukumie gemu. Cheza wiki nzima kwanza, ndipo uje tubishane.