Waacheni Walie: Majina ya Chaki na Ubingwa wa Besiboli

Mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba 2016, ukuta wa nje wa Wrigley Field, uwanja wa timu ya besiboli ya Chicago Cubs, ulijaa chaki. Ni ukuta wa matofali unaofuata barabara za Waveland na Sheffield. Watu walikuja na vipande vya chaki vya kila rangi wakaanza kuandika majina. Mwanzoni majina yaliishia pale mkono wa mtu mzima unapofika. Nafasi ilipokwisha wakaanza kubebana mabegani, majina yakazidi kupanda. Mengi hayakuwa majina ya wachezaji. Yalikuwa ya baba, ya bibi, ya mjomba, ya mume, na kando yake maneno machache ya kumwarifu marehemu kwamba ile siku imefika.

Nimezitazama picha za ukuta ule mara nyingi kuliko nilivyoirudia mechi yenyewe. Matofali yana mifereji ya saruji kati yake, kwa hiyo herufi zinakatika: jina linaanzia kwenye tofali moja, linaruka mfereji, linamalizikia kwenye jingine. Mahali pengine jina moja limepita juu ya jingine, maana aliyekuja usiku hakuona vizuri alipoandika aliyekuja mchana. Hakuna aliyelalamika. Wote walikuwa wanasubiri kitu kimoja.

Cubs walikuwa hawajatwaa ubingwa tangu 1908. Miaka 108. Babu alisubiri akafa, mwanawe akarithi kusubiri naye akafa, mjukuu ndiye aliyeshika chaki.

Kila timu ya besiboli inapobeba ubingwa, picha za watu wazima wanaobubujikwa na machozi husambaa, na hakosekani wa kuuliza: hawa wanalilia nini, mbona hata gongo la kupigia hawajalishika? Swali hilo huniudhi, na linaniudhi zaidi linapotoka kwa mtu mwenye akili timamu ambaye angeweza kufikiri kidogo kabla ya kuuliza.

Hebu tuangalie besiboli yenyewe ilivyo. Katika ligi kuu ya Marekani kila timu hucheza mechi 162 kwa msimu, ndani ya takriban miezi sita. Maana yake timu inacheza karibu kila siku ya Mungu. Shabiki wa kandanda humsubiri mpenzi wake wiki nzima. Wa besiboli anaishi naye nyumba moja. Redio inawashwa wakati wa kupika, inaendelea wakati wa kula, mtoto anapitiwa na usingizi mtangazaji bado anazungumza. Tena ni mchezo wa polepole. Mrushaji anaushika mpira, anamtazama mdakaji wake, anatikisa kichwa, anatazama tena. Kati ya mpira mmoja na mwingine kuna kimya, na ndani ya kimya kile ndimo baba na binti huzungumza. Wanazungumza juu ya mchezo, kisha juu ya shule, juu ya mama, juu ya mambo ambayo wasingeyagusa wakiwa wamekaa wakitazamana uso kwa uso.

Basi siku timu inaposhinda, furaha yako inageuka kumtafuta yule uliyekuwa ukisikiliza naye. Na kiti chake ni kitupu. Ndipo machozi yanapotoka. Anayesema watu wale wanalilia mpira hajaelewa lolote.

Mechi yenyewe ya kumaliza ukame ule, ya 7 katika World Series, yaani fainali za ligi kuu, ambazo bingwa ni anayetangulia kushinda mechi nne, ilikuwa adhabu. Ilichezwa Cleveland, Novemba 2, 2016. Cubs walikuwa nyuma kwa mechi 3 dhidi ya 1 katika fainali hizo, wakashinda mbili mfululizo, wakafika hapo. Raundi ya nane kati ya tisa wakawa wanaongoza 6-3, wamebakiza kuwatoa wapigaji wanne tu ili mechi iishe. Akaletwa Aroldis Chapman, mrushaji mwenye kasi ya kutisha, lakini mkono wake ulikuwa umechoka kwa kutumikishwa mechi zilizotangulia. Cleveland wakapata pointi moja. Kisha Rajai Davis, ambaye hakuwa mtu wa kuogopwa kwa nguvu za gongo, akaupiga mpira ukavuka uzio wa upande wa kushoto, pointi mbili zikaingia. Sita kwa sita.

Mimi nilikuwa naangalia kwa intaneti. Kamera ilimwendea mwanamke mmoja wa Cubs katikati ya majukwaa ya wenyeji. Hakupiga kelele wala hakulaani. Alivua kofia akaiweka mapajani taratibu, kama mtu aliyeletewa habari aliyoitarajia.

Kutarajia kule ndiko kulikokuwa ugonjwa wa watu wa Cubs. Kuna kisa cha mbuzi ambacho kila shabiki anakijua. Mwaka 1945, mara ya mwisho timu hiyo kufika fainali kabla ya 2016, mwenye baa mmoja, William Sianis, alikwenda uwanjani na mbuzi wake, mbuzi akakataliwa, naye inasemekana akailaani timu. Siamini laana. Ila naelewa kwa nini watu waliishikilia. Ukishindwa miaka mingi bila sababu, akili inatafuta sababu, na mbuzi ni mwepesi kubeba kuliko ukweli kwamba timu yako ilikuwa mbovu kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo.

Ubaya ni pale wanapomkosa mbuzi wakamtafuta mtu. Oktoba 14, 2003, Cubs walikuwa wamebakiza kuwatoa wapigaji watano wa Florida Marlins ili waingie fainali. Mpira ulipigwa juu, ukashukia ukingoni mwa majukwaa. Mashabiki kadhaa walinyoosha mikono, kama mtu yeyote angefanya, na mmoja wao ndiye aliyeugusa. Moises Alou, aliyekuwa anauwania, akaukosa. Baada ya hapo Marlins walipata pointi 8 katika raundi ileile, na mchezaji wa Cubs mwenyewe, Alex Gonzalez, akapoteza mpira rahisi ambao ungeweza kuwaokoa. Lakini uwanja mzima ulimgeukia yule kijana mwenye visikilizio vya redio masikioni. Wakamtukana, wakamrushia vikombe vya bia, walinzi wakamtoa wamemfunika uso. Jina lake silitaji, kwa sababu miaka yote amechagua kukaa kimya na ninamheshimu kwa hilo. Ubingwa ulipopatikana wengi walitangaza kwamba wamemsamehe. Wamemsamehe nini? Yeye ndiye aliyestahili kuombwa radhi, na klabu angalau ilifanya jambo la maana mwaka 2017 ilipompa pete ya ubingwa, sawa na zile walizopewa wachezaji.

Turudi Cleveland. Raundi ya tisa ikaisha wako sare, na mvua ikanyesha. Dakika 17. Mashabiki waliolowa wakawa wanatazama turubai lililofunika uwanja, huku ndani, kwenye chumba cha mazoezi ya vyuma, Jason Heyward amewakusanya wenzake anawapa moyo. Heyward alikuwa na msimu mbaya wa kupiga, mshahara mkubwa, lawama nyingi. Na ndiye aliyesimama kusema. Waliporudi kwa raundi ya nyongeza, ya kumi, Ben Zobrist akapiga mpira uliopita pembeni mwa besi ya tatu, kimojawapo cha vituo vya wakimbiaji, pointi ya saba ikaingia, kisha Miguel Montero akaongeza ya nane. Cleveland wakarudisha moja. Mwisho ukaja mpira hafifu wa kutambaa. Kris Bryant akaukimbilia huku tayari anatabasamu, mguu ukamteleza kwenye nyasi zilizolowa, akamrushia Anthony Rizzo kwenye besi ya kwanza, na mpigaji wa mwisho akatolewa. 8-7. Rizzo akautia mpira mfuko wa nyuma wa suruali yake, kama mtu anayeficha ufunguo wa nyumba.

Tabasamu lile la Bryant, kabla hata mpira haujamtoka mkononi, ndilo jambo zuri kuliko yote niliyowahi kuona michezoni.

Sisemi kila shangwe ni takatifu. Boston, mwaka 2004, Red Sox walimaliza ukame wa miaka 86, baada ya kuwa nyuma mechi 3 kwa 0 dhidi ya Yankees wa New York katika nusu fainali na kushinda nne mfululizo, jambo ambalo hakuna timu ya ligi kuu iliyokuwa imelifanya. Watu walikwenda makaburini na magazeti ya siku ile wakayaweka juu ya mawe ya wazazi wao. Lakini usiku ule walipowatoa Yankees, kabla hata ya ubingwa wenyewe, mwanafunzi wa kike wa miaka 21 aliuawa nje ya Fenway Park, uwanja wa Red Sox, na risasi ya pilipili iliyofyatuliwa na polisi waliokuwa wakitawanya umati. Alikuwa ametoka kushangilia tu. Kila ninaposoma habari za 2004 namtafuta yule binti katika simulizi, na mara nyingi hayumo. Anapaswa kuwemo.

Na Los Angeles usiku wa ubingwa wa Dodgers, Oktoba 2024, kuna waliochoma basi la abiria mtaa wa Echo Park. Kwa hao sina neno la utetezi. Basi lile lilikuwa la watu wanaokwenda kazini asubuhi, wengi wao wamevaa kofia za timu ileile.

Lakini ubingwa huohuo ulikuwa na upande mwingine uliosimuliwa kidogo mno kuliko moto. Fernando Valenzuela, mrushaji wa zamani wa Dodgers, alifariki Oktoba 22, siku tatu kabla ya fainali kuanza. Kijana wa kijijini Sonora, Mexico, aliyevuma mwaka 1981 akirusha mipira huku macho ameyaelekeza mbinguni, akashinda tuzo ya mchezaji mpya bora na ya mrushaji bora msimu mmoja. Uwanja wa Dodgers umejengwa pale Chavez Ravine, mahali ambapo familia zenye asili ya Mexico ziliondolewa kwenye nyumba zao miaka ya 1950. Wapo walioapa kutokanyaga hapo. Valenzuela ndiye aliyewaingiza. Gwaride la ubingwa likafanyika Novemba 1, tarehe ambayo angetimiza miaka 64, na njia nzima ukaona jezi yake namba 34 imevaliwa na watu ambao hawakuwa wamezaliwa alipokuwa akicheza. Nani aliwafundisha kumpenda? Waliokuwa wamekaa nao karibu na redio.

Huko Osaka, Japani, mashabiki wa Hanshin Tigers walifurahia ubingwa wa ligi yao mwaka 1985 kwa kuita jina la kila mchezaji, na shabiki anayefanana naye anajitosa mtoni Dotonbori. Walipofika kwa Randy Bass, Mmarekani mwenye ndevu, hakuna aliyefanana naye, wakang'oa sanamu ya mzee wa KFC wakaitupa majini. Sanamu hiyo ilikaa chini ya tope hadi 2009, ilipoopolewa bila miwani na bila mkono wa kushoto. Tigers hawakuwa mabingwa tena wa Japani hadi 2023, miaka 38 baadaye, na wapo waliosema ni nuksi ya sanamu. Kisa hiki husimuliwa kwa kicheko, nami naona kinavyochekesha, ila mwaka 2003 kwenye shangwe za kushinda ligi mtu mmoja alizama humohumo akafa. Tangu nilipojua hilo sikitazami tena kisa kile kwa macho yaleyale.

Cleveland, waliofungwa usiku ule wa mvua, hawajabeba ubingwa tangu 1948. Sasa wanaitwa Guardians, na ndio wenye ukame mrefu kuliko timu zote za ligi kuu. Sauti ya uwanja wao Davis alipopiga mpira ule bado naikumbuka. Wazee waliokuwa watoto mwaka 1948 walikuwa wameamka vitini, mikono kichwani, wakaamini. Saa moja baadaye walikuwa wanashuka ngazi taratibu, wameshika vyuma vilivyolowa.

Usiku huohuo, bwana mmoja wa North Carolina alikuwa Indiana, makaburini. Yeye na baba yake waliwahi kuahidiana kwamba Cubs wakifika World Series wataisikiliza mechi pamoja. Baba alikuwa amekwishafariki. Mwana akaendesha gari siku nzima, akaweka kiti mbele ya kaburi, akawasha kifaa chake akasikiliza raundi zote kumi gizani. Davis aliposawazisha alikuwa pale. Mvua ya Cleveland iliposimamisha mchezo kwa dakika 17, alikuwa pale, anasubiri na baba yake.