Acheni kupunguza video kwa kulenga MB

Video ya sendoff ya dada yangu ni ya saa moja, mpiga video alitupa kwenye fleshi, GB 22. Sasa GB 22 nani atamrushia nani, ndugu wako Tanga, Mwanza, mwingine yuko Muscat na wote wanaitaka jana, basi binamu yangu akaiingiza kwenye apu ya simu, akachagua iwe MB 300, akaitupia kwenye grupu. Mama alipoifungua akafika pale mashangazi wanaingia na vigelegele wameitandaza khanga juu ya kichwa cha dada, na jina la khanga halisomeki kabisa, vimebaki viboksi viboksi tu. Khanga ile mama aliitafuta mwenyewe dukani, imeandikwa UCHUNGU WA MWANA AUJUAE MZAZI. Iliniuma sana.

Alafu kosa lenyewe ni dogo. MB 300 kwa saa moja maana yake kila sekunde unaipa biti (vile vipande vidogo kabisa vya data) kama laki sita na sitini elfu, wakati kamera ilikuwa inaandika karibu milioni 50. Na video haihifadhiwi picha kwa picha, kodeki, yaani ile njia ya kubana video, inaweka fremu (picha) moja nzima alafu zinazofuata inaandika kilichobadilika tu, ndo maana MC akisimama mbele ya pazia anasema maneno yake inakula kidogo sana, ila watu wakianza kucheza, taa za disko zinawaka na kuzima, na zile chengachenga za kamera ukumbini kwenye giza, hapo kila kitu kinabadilika kwa wakati mmoja na biti zinahitajika nyingi mno. Ukishaibana kwa MB ulizopanga wewe, inayoumia ni sehemu hiyohiyo yenye furaha yote.

Kwa hiyo mi nasema hivi, chagua ubora kwanza, saizi iache ije yenyewe. Nilitumia HandBrake, ni programu ya bure ya kubana video, inakaa Windows, Mac na Linux. Kuna sehemu ya kuchagua ubora imeandikwa RF, namba ikishuka ubora unapanda na faili linanenepa, kwa video ya 1080p (Full HD) wenyewe wanashauri kati ya 20 na 24. Mi niliweka 21, kodeki H.265, spidi nikaweka slow maana ukiipa kompyuta muda inatafuta vizuri pa kubana, nikaiacha usiku kucha. Sauti msiihangaikie, kwa kbps 160 (biti elfu 160 kila sekunde) saa nzima ni MB 72 tu, kuikata hadi ngoma isikike kama iko ndani ya ndoo hamuokoi kitu.

Asubuhi nikakuta GB 3 na kidogo. Nikaenda moja kwa moja kwenye khanga, nikasimamisha picha, herufi zote zinasomeka, hadi korosho za kwenye pembe zinaonekana. Sio nyepesi ya kurusha kwa bando la siku, hilo nakubali, ila niliipandisha mtandaoni mara moja usiku nikawapa linki kila mtu akashusha kwa muda wake, na wa Tanga nikawatumia kwenye fleshi kwa basi.

TV ya shangazi ni ya zamani ikaikataa H.265, haifunguki kabisa, ikabidi nimtengenezee nyingine ya H.264, kodeki ya zamani zaidi, hii imekuja nzito zaidi ila inacheza vizuri. Na hapa naomba mnisikilize kweli, hiyo ya pili niliitoa kwenye ile GB 22, sio kwenye ile GB 3, maana kila ukibana kitu kilichokwishabanwa kuna kitu kinapotea na hakirudi, hata ukija kuiongezea saizi baadae. Binamu alishataka kuifuta ile fleshi aweke miziki ya gari. Nimeichukua, nimeinakili na kwenye diski ya nje, iko kabatini kwa mama pamoja na khanga.